Punda au farasi aliyekonda: Usianze na mahindi

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema shukrani ya punda ni mateke. Mfanyabiashara aliyenunua punda mnadani kwa bei nafuu, mbavu zikiwa nje na mgongo umejaa vidonda, anaweza kuuamini msemo huo siku ya pili tu. Amempa maji, amemmwagia mahindi ndoo nzima, naye punda akamrushia teke. Siku ya nne punda amekufa na mtaji umekwenda naye.

Majirani watasema alikuwa na ugonjwa wa siri. Lakini mara nyingi ukweli ni mwingine: mnyama huyo ameuawa na chakula alichopewa kwa huruma.

Jambo hili si geni kwa wanadamu. Mwaka 1945, vita vikuu vilipomalizika, baadhi ya wafungwa waliookolewa kutoka kambini walifariki baada ya kula shibe yao ya kwanza. Wasomaji wetu waliorejea nyumbani kutoka ukimbizini wanajua pia kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali haanzishiwi sahani ya ugali. Huanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo, usiku na mchana. Farasi na punda nao ni vivyo hivyo.

Mnyama akikosa chakula kwa muda mrefu, mwili hutumia kwanza mafuta yake, kisha huanza kula nyama yake wenyewe, hata misuli ya moyo. Akipewa ghafla mahindi, pumba au molasi, wanga na sukari nyingi huingia katika damu. Mwili hutoa homoni ya insulini, nayo husukuma madini ya fosforasi, magnesi na potasi kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Madini hayo yakipungua katika damu, moyo na mapafu hushindwa kufanya kazi. Kifo huweza kuja siku 3 hadi 5 baada ya kuanza kulishwa.

Chakula gani basi kinafaa? Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani, walilinganisha vyakula kadhaa kwa farasi waliokuwa wamedhoofika kwa njaa. Kilichofaa zaidi kilikuwa lusani iliyokaushwa, majani ya jamii ya kunde ambayo wengine huyaita alfalfa. Lusani ina wanga kidogo, protini bora, na madini ya fosforasi na magnesi ambayo mnyama huyo anayahitaji mno.

Utaratibu wao ni huu: kwa siku 3 za kwanza, farasi hupewa takriban nusu kilo ya lusani kila baada ya saa 4, yaani kama kilo 3 kwa siku. Kuanzia siku ya 4 hadi ya 10 kiasi huongezwa taratibu, na milo hupunguzwa hadi kila baada ya saa 8. Baada ya hapo anaweza kula majani kadiri atakavyo, lakini nafaka bado hapana. Maji safi yawepo wakati wote. Punda mwenye uzito wa theluthi moja ya farasi apewe theluthi ya kiasi hicho. Uzito wa kawaida huweza kurudi baada ya miezi 3 hadi 5.

Tahadhari moja: usichanganye lusani na lusina, ule mti wa malisho ya mbuzi na ng'ombe. Lusina ina sumu iitwayo mimosini, ambayo huwapukutisha farasi na punda singa na nywele za mkia.

Protini ndiyo inayojenga upya misuli, kwato na ngozi. Kwa viwango vilivyotolewa Marekani mwaka 2007, farasi mzima wa kilo 500 asiyefanya kazi anahitaji takriban gramu 630 za protini kwa siku. Hata hivyo wingi peke yake hautoshi. Protini hujengwa kwa viungo vidogo vidogo, na kimojawapo, laisini, kikipungua ujenzi husimama. Mahindi yana upungufu wa laisini. Ndiyo maana mnyama anayelishwa mahindi anaweza kunenepa tumbo huku mgongo ukibaki mkavu.

Wapo wanaosema protini humfanya farasi kuwa mkali. Protini ikizidi hutolewa kwa mkojo. Mnyama hunywa maji mengi na banda hunuka. Ukali mara nyingi hutokana na maumivu, hofu, kufungiwa au nafaka nyingi.

Kwa hiyo mnyama akirusha teke, usikimbilie fimbo. Mwite daktari wa mifugo aangalie meno, kwato na vidonda vya tandiko, na ndiye aamue lini apewe dawa ya minyoo. Mkaribie kutokea upande wa bega, si nyuma, huku ukisema naye ili ajue upo. Mlishe saa zilezile kila siku, kwa mkono uleule. Usimtenge na mwenzake, kwani punda akitengwa huweza kugoma kula, na mafuta yakafurika katika damu yake hadi kumuua. Punda pia huficha maumivu; aliyenyamaza kabisa huenda ni mgonjwa.

Akishapona, punda hahitaji tena lusani nyingi. Mabua na nyasi kavu humtosha, la sivyo atanenepa kupita kiasi.

Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana mjini Addis Ababa kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, baada ya idadi yao kupungua katika nchi nyingi. Kumponya uliye naye, basi, ni kulinda mtaji.

Wahenga hao hao walisema afe punda, mzigo wa bwana ufike. Lakini punda akifa leo, mzigo wa kesho utabebwa na nani?