Mataji ya Kakamega: Yaliyovuliwa na Yaliyobaki

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti ya Kenya iwe na bendera, nembo na muhuri wake. Kakamega, kaunti nambari 37, haikusubiri sheria ili ijulikane. Hizi hapa sifa zake kuu, za leo na za jana.

Makao makuu ya mwanzo: Mumias
Kabla mji wa Kakamega haujapata jina, Mumias ulikuwa na mfalme wa Wawanga, aliyeitwa Nabongo. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilipiga kambi kwa Wawanga, na dini ya Kiislamu ikatia mizizi. Joseph Thomson alifika mwaka 1883. Hadi 1902 sehemu hizi zilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka 1909 Waingereza walimtawaza Nabongo Mumia kuwa chifu mkuu, lakini 1920 wakahamishia ofisi zao Kakamega. Mumia alifariki mwaka 1949.

Kinyang'anyiro kikubwa cha dhahabu
Dhahabu ilipoonekana mwaka 1931, wazungu walimiminika na karai zao. Sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao milele. "Milele" hiyo ilidumu miaka miwili tu: mwishoni mwa 1932 sheria ilirekebishwa ili shamba lichukuliwe kwa uchimbaji bila mwenyewe kupewa lingine. Mgodi mkubwa, Rosterman, ulifungwa mwaka 1952. Wachimbaji wadogo wangali wanafukua.

Kiwanda kilichoongoza kwa sukari
Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971 na kuanza kusaga miwa 1973. Kwa miaka mingi hakuna kiwanda cha sukari Kenya kilichoifikia. Madeni yaliiangusha, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu.

Ya pili kwa watu, kisha ya nne
Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,660,651, na Nairobi pekee ndiyo iliyoizidi Kakamega. Mwaka 2019 walikuwa 1,867,579. Idadi imepanda, nafasi imeshuka: Kiambu na Nakuru zimeipita.

Fahali wasio na mpinzani wa kibinadamu
Shinyalu na Ikolomani, fahali hupigana na fahali mwenzake, si na mtu mwenye upanga kama Uhispania. Anayekimbia ameshindwa. Mwenye mshindi hutembea kifua mbele, mashabiki nyuma yake.

Ngoma iliyofika UNESCO
Isukuti ya Waisukha na Waidakho huchezwa arusini, matangani na fahali wanapopelekwa uwanjani. Mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ni heshima, na ni onyo vilevile: vijana wanaojifunza ni wachache kuliko wazee wanaoondoka.

Jiwe linalolia
Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu, mwamba wa Ikhonga Murwi umesimama kwa urefu wa takriban mita 40, maji yakiutiririka mashavuni. Hakuna mchongaji aliyeugusa.

Msitu wa pekee
Hapa ndipo Kakamega haina mshindani. Huu ndio msitu wa mvua wa kitropiki uliosalia Kenya, kipande cha mashariki kabisa cha ule uliokuwa umetanda kutoka Kongo. Una aina zaidi ya 300 za ndege, na upande wa Kisere yupo kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe. Ulitangazwa msitu wa serikali mwaka 1933, na sehemu ya kaskazini ikawa hifadhi ya taifa 1985.

Ukiipanga orodha hii upya, utaona jambo. Taji la watu lilienda Kiambu, la dhahabu lilizikwa Rosterman, na la sukari lina wagombea wengi. Mataji hayo yana warithi. La msitu halina: shoka likiumaliza wa Kakamega, Kenya haina wa pili wa kuuvika.