Usitie petroli katika jiko la mafuta ya taa

Mwaka 2011 serikali iliongeza kodi ya mafuta ya taa, ili watu waache kuyachanganya na dizeli. Bei ilipanda. Lakini ukikosa mafuta ya taa, usitie petroli ya chupa jikoni. Wala usitoboe jiko au kubadili tambi ili liwake kwa mafuta yoyote.

Kwa nini? Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata usiku wa baridi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka kwenye mafiga. Tangi likipata moto, jiko huweza kulipuka. Hata petroli kidogo iliyochanganywa ni hatari.

Fanyeni hivi:
1. Nusa mafuta kabla ya kujaza. Yakinuka petroli, usiyatumie.
2. Zima jiko, lipoe, ndipo ujaze.
3. Weka petroli mbali na jiko na watoto.

Nguo ikishika moto, lala chini ujiviringishe. Aliyeungua mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msimpake samli, majivu wala dawa ya meno. Msipasue malengelenge. Mfunikeni kwa kitambaa safi, mmpeleke zahanati upesi.

Mafuta ya taa yakikosekana, pikeni kwa kuni siku hiyo.