Kivinjari Kinachokulinda, Je, Kinakufuatilia Pia?

Umebonyeza linki ya "bonasi" uliyotumiwa kwa SMS, mara skrini inageuka nyekundu: tovuti hii ni hatari! Mara nyingi onyo hilo hutokana na Safe Browsing ya Google, inayotumika ndani ya Chrome, Firefox na Safari. Basi swali ni hili: ili wanionye, si lazima wajue kila ukurasa ninaofungua?

Kwa ulinzi wa kawaida, hapana. Kivinjari hugeuza anwani ya tovuti kuwa msimbo, kisha hulinganisha kipande tu cha msimbo huo na orodha ya tovuti za matapeli. Tangu 2024, Chrome hutuma kipande hicho kupitia seva ya kampuni nyingine inayoficha anwani ya IP yako.

Lakini wasiwasi wako una msingi. Kuna wakati Firefox ilipokuwa ikichukua orodha hiyo, kuki ya Google ilikuwa inasafiri nayo. Kuki ni faili ndogo inayokutambulisha kila unaporudi, kama vile mwenye duka anavyokukumbuka kwa sura. Watumiaji walilalamika, na mwaka 2014 Firefox ikaitenga kuki hiyo na zile za kuvinjari kwako kwa kawaida.

Sasa ufanye nini?

1. Usizime Safe Browsing. Ukiizima kwa kuogopa kufuatiliwa, unamfungulia mlango tapeli anayetaka PIN yako.

2. Chagua kiwango. Kwenye Chrome, bonyeza vitone vitatu, nenda Mipangilio, halafu Faragha na usalama. Ulinzi ulioimarishwa hukukinga zaidi, ila hutuma anwani za kurasa unazofungua kwa Google. Ulinzi wa kawaida hutuma kidogo zaidi. Uamuzi ni wako.

3. Zuia kuki za watu wengine. Ziko hapo hapo kwenye Faragha na usalama. Hizi ndizo hutumiwa na watangazaji kukufuata kutoka tovuti moja hadi nyingine.

Na kumbuka, hakuna orodha inayonasa kila tapeli. Tovuti iliyofunguliwa asubuhi hii inaweza kupita bila onyo lolote. Kwa hivyo ukurasa wa intaneti ukikuomba PIN ya pesa zako za simu, ufunge mara moja, hata kama skrini haijageuka nyekundu.