Usimamizi wa Walinzi: Mkaguzi Si Msimamizi

Makada wengi wanapozungumza juu ya ulinzi wa mali ya umma huanza na ukuta, bunduki na uaminifu wa mlinzi. Sisi tunapendekeza waanze na swali jingine: ni nani anayemsimamia mlinzi huyo, na yuko wapi saa nane za usiku? Tutalieleza kwa mfano wa Marekani, nchi ambayo haiwezi kusingizia uhaba wa fedha.

Mwezi Aprili 1995 jengo la Serikali Kuu huko Oklahoma City lililipuliwa, na watu 168 wakauawa. Tangu hapo ulinzi wa majengo ya namna hiyo ukawa jambo zito. Ilipofika 2009 idara inayohusika ililinda majengo yapatayo 9,000 kwa walinzi wapatao 13,000. Lakini walinzi hao hawakuwa watumishi wake. Walikuwa waajiriwa wa makampuni binafsi yenye kandarasi. Mwaka huo wakaguzi wa Bunge walijaribu kwa siri kupitisha vipande vya bomu katika majengo 10 yenye ulinzi mkali. Walipita yote 10. Wakaviunganisha chooni, wakatembea na bomu hilo ofisini bila kugunduliwa.

Kusema kwamba walinzi walikuwa wavivu ni kujibu upesi mno. Mlinzi mmoja aliachia mtoto mchanga apite ndani ya mashine ya eksirei. Alifukuzwa kazi. Akaenda mahakamani akidai kwamba hakupewa mafunzo ya saa 8 ya mashine ile, ambayo idara yenyewe ilitakiwa kuyatoa, naye akashinda, kwa kuwa idara haikuweza kuonyesha hata karatasi moja ya kuthibitisha kuwa alifundishwa. Katika eneo jingine walinzi 1,500 hawakupata mafunzo hayo tangu 2004. Makada wasome kisa hiki mara mbili. Mfanyakazi wa chini ndiye aliyeonekana na kosa, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwapo pale.

Ni kweli kwamba ukaguzi ulikuwapo. Lakini ulifanyika zaidi mchana, saa za kazi, katika miji yenye ofisi za idara. Ulipofanyika usiku, alikutwa mlinzi mwenye silaha amelala lindoni baada ya kumeza dawa ya maumivu. Mkaguzi huja, hujaza fomu, huondoka. Msimamizi hushinda na walinzi zamu nzima: huona nani amekuja amechoka, nani hajui mashine, lindo gani limebaki tupu. Wala hatumaanishi nyapara wa shamba la mkonge, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu watu na kuwatisha. Msimamizi hufundisha palepale, na juu ya yote hukata shauri pale mlinzi anapokutana na jambo asilolijua.

Huko Detroit, Februari 2011, mlinzi aliokota mfuko nje ya jengo la serikali akauingiza ndani. Ulikaa humo wiki tatu hivi kabla ya kugunduliwa kwamba una bomu. Msimamizi anayejua wajibu wake angeuliza siku ileile: ni wa nani, na umepimwa na nani?

Hapa pana mgongano wa maslahi usiofichika. Kampuni hulipwa kwa saa za mlinzi aliyesimama mlangoni. Msimamizi ni gharama, na kampuni hupenda kupunguza gharama. Na akiwekwa na kampuni ileile, atakuwa na uzito kuripoti lindo tupu ambalo mwajiri wake amekwisha kudai malipo yake. Kwa hiyo msimamizi hana budi kuwajibika kwa mwenye jengo, yaani umma, na awe na uwezo wa kumwondoa lindoni mtu asiyefaa usiku huohuo, bila kungoja barua.

Mwaka 2024 wakaguzi walitoa matokeo ya majaribio mengine 27 katika majengo hayo. Katika takriban nusu yake, vitu vilivyokatazwa vilipita.