Anza na Sharti, Urithi Utafuata

Vitabu vingi vya kufundisha Java, Python au C++ vikifika kwenye sura ya objekti hufuata njia moja. Hueleza kwamba klasi ni kielelezo cha kutengenezea objekti, kisha, kabla mwanafunzi hajakitumia kielelezo hicho kwa kazi yoyote ya maana, humchorea mti wa ukoo: juu yuko Mnyama, chini yake Mbwa na Paka, na kila mmoja ana methodi yake ya kutoa sauti. Mwanafunzi huiandika mistari hiyo, humwona Mbwa akibweka kwenye skrini, akaamini kwamba ameelewa. Akipewa kazi ya kuandika programu ya duka au ya zahanati, huanza kutafuta nani ni mzazi wa nani, na hapo ndipo anapokwama. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo wa masomo umewekwa kichwa chini miguu juu. Jambo la kwanza la kumshikisha anayejifunza ni kwamba objekti hulinda sharti. Urithi, yaani klasi kuchukua data na methodi za klasi nyingine, ni somo la baadaye, tena halieleweki kabla ya hilo la kwanza.

Chukua akaunti ya pesa kwenye simu. Ina data moja muhimu, yaani salio, na sharti moja lisilopaswa kuvunjwa hata mara moja: salio lisishuke chini ya sifuri. Programu ikiandikwa kwa vigeu na kazi (function) zilizotawanyika, sharti hilo litabidi likumbukwe kila mahali salio linapoguswa: kwenye kutoa pesa, kulipia umeme, kununua muda wa maongezi, kukata ada. Ukisahau mahali pamoja tu, hesabu imeharibika, na atakayetafuta kosa atalazimika kuisoma programu nzima, kwa sababu sehemu yake yoyote ingeweza kulibadilisha salio. Kwa Python, akaunti hiyo inaweza kuandikwa kama klasi hivi:

class Akaunti:
    def __init__(self):
        self._salio = 0

    def weka(self, kiasi):
        if kiasi <= 0:
            raise ValueError("Kiasi hakikubaliki")
        self._salio += kiasi

    def toa(self, kiasi):
        if kiasi <= 0 or kiasi > self._salio:
            raise ValueError("Kiasi hakikubaliki")
        self._salio -= kiasi

Methodi ya __init__ hutekelezwa pale objekti inapotengenezwa, na kwa kuwa inaliweka salio kuwa sifuri, akaunti haiwezi kuzaliwa na deni. Neno self ni ile objekti yenyewe iliyoagizwa kazi: akaunti ya Asha na akaunti ya Juma zinatoka kwenye klasi moja, lakini kila moja ina salio lake. Methodi ya weka inakataa kiasi kisicho na maana, na ya toa inakataa pia kiasi kinachozidi kilichopo. Msomaji wa mistari hii michache anaweza kuthibitisha kwamba sharti halivunjwi na methodi yoyote iliyomo, hata kama programu nzima ina mistari laki moja. Hii ndiyo faida ambayo objekti inaleta: swali la nani amelibadilisha salio sasa lina mahali pamoja pa kutafutiwa jibu. Na katika mistari hiyo michache mwanafunzi amekwisha kukutana na klasi, objekti, methodi na data ya ndani, vyote vikiwa na sababu ya kuwepo.

Kuna atakayesema kwamba Python haizuii chochote, maana mstari mdogo ulio mbele ya jina _salio ni desturi tu, na mtu akitaka anaweza kuandika akaunti._salio = -500 bila lugha kumkataza. Ni kweli, na Java ina neno private linalozuia jambo hilo kabla programu haijaanza kufanya kazi. Lakini somo halimo katika ukali wa kufuli. Limo katika kuamua kwamba sharti fulani lina mwenyewe, na kwamba kila anayetaka kubadilisha data amwagize huyo mwenyewe. Anayepita pembeni katika Python anajulikana mara moja kwa anayesoma msimbo wake, kwa kuwa ule mstari mdogo humfichua.

Historia inaunga mkono mpangilio huu. Simula 67, lugha ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Oslo, Norwei, ilileta klasi, objekti na urithi kwa pamoja mwaka 1967, lakini haja iliyoizaa ilikuwa kuiga kwenye kompyuta mifumo yenye vitu vingi, kila kimoja kikiwa na hali yake na mwenendo wake. Alan Kay na wenzake wa Xerox PARC, Marekani, walipotengeneza lugha ya Smalltalk ya kwanza mwaka 1972, hawakuiwekea urithi. Uliingia katika toleo la 1976. Miaka hiyohiyo ya 1970, Barbara Liskov na wanafunzi wake wa MIT walitengeneza CLU, lugha iliyofunga data pamoja na kazi zake bila urithi wowote. Karibu zaidi na sisi, Go iliyotangazwa na Google mwaka 2009 haina klasi wala urithi wa klasi, lakini ina methodi, na ina njia ya kuficha data ya ndani. Lugha zimeweza kuishi bila urithi. Bila mahali pa kulindia sharti, wazo lote la objekti linabaki jina tupu.

Madhara ya kutanguliza urithi yanaonekana hata katika kazi ya mabingwa. Tangu matoleo yake ya mwanzo, Java ina klasi iitwayo Stack, yaani rundo: kinachowekwa mwisho ndicho kinachotolewa kwanza, na hilo ndilo sharti lake la pekee. Walioiandika waliirithisha kutoka Vector, orodha inayoruhusu kitu kuingizwa au kuondolewa popote. Mrithi huchukua mali pamoja na madeni, na Stack ilizipokea methodi zote za Vector, ikiwemo ya kupachika kitu katikati ya rundo. Sharti likawa halina mlinzi. Kosa hilo haliwezi kurekebishwa kirahisi, kwa sababu programu za zamani zinategemea klasi hiyo ibaki ilivyo, na nyaraka rasmi za Java zinawashauri watumiaji wachague Deque badala yake. Kama Stack ingeshika orodha ndani yake na kufungua methodi chache tu za kuweka, kutoa na kutazama juu, tatizo lisingekuwepo. Kitabu cha Design Patterns cha mwaka 1994 kilikwisha kutoa ushauri huo: pendelea kuunganisha objekti kuliko kurithi klasi.

Ugumu wa kurithi unaonekana wazi katika mraba na mstatili. Hisabati inasema kila mraba ni mstatili, na mwanafunzi aliyeanza na miti ya ukoo atairithisha klasi ya Mraba kutoka Mstatili bila wasiwasi. Lakini ikiwa Mstatili una methodi ya kubadilisha upana huku urefu ukibaki vilevile, Mraba hauwezi kuitii na ukaendelea kuwa mraba. Liskov ndiye aliyeifafanua kanuni inayohusika: objekti ya klasi ndogo lazima iweze kukaa mahali pa objekti ya klasi kubwa bila kuvunja kile ambacho watumiaji wake wanakitegemea. Anayerithi klasi anarithi ahadi zake. Mtu ambaye hajafundishwa kwamba klasi ina ahadi atawezaje kujua kama mrithi amezitimiza?

Pingamizi zito zaidi linatoka kazini. Anayetengeneza programu za Android hukutana na klasi ya Activity mapema sana, na anayetumia Django huandika jedwali lake la kwanza kwa kurithi klasi ya Model, basi urithi atauepuka vipi? Hatauepuka, wala hapaswi. Ila kurithi klasi iliyotayarishwa na wengine, ambayo masharti yake yameandikwa kwenye nyaraka, ni kazi tofauti na kubuni ukoo wako mwenyewe. Ya kwanza inahitaji kusoma kwa makini, ya pili inahitaji uzoefu. Wengine watasema vigeu, masharti ya if na lupu vitangulie, nami nakubaliana nao: objekti zije pale mwanafunzi anapojikuta ameandika ukaguzi uleule mahali patatu. Na wale wanaoona kwamba programu njema huandikwa kwa kazi tupu, bila objekti, wana hoja zenye nguvu, hasa wanapopendelea data isiyobadilika. Hata kwao swali linabaki lilelile: data hii inaruhusiwa kuwa na thamani zipi, na ni sehemu gani ya programu inayohakikisha hivyo? Aliyelizoea swali hilo kupitia objekti hapotezi chochote anapohamia lugha nyingine.

Kwa hiyo mwalimu anayepanga somo lake la kwanza achague kitu chenye sharti: akaunti, tiketi ya basi isiyouzwa mara mbili, ghala lisilotoa magunia ambayo halina. Anayejisomea peke yake, kabla ya kuandika klasi yoyote, aandike kwanza sentensi moja inayosema ni jambo gani ambalo objekti zake hazitaliruhusu kamwe. Asipoipata sentensi hiyo, huenda tatizo alilonalo halihitaji klasi, bali kazi (function) ya kawaida au orodha tu. Akiipata, basi anajua methodi zipi aziandike, data ipi aifiche, na majaribio gani ayafanye ili kuhakikisha kwamba klasi yake inafanya kile alichokusudia.