Ushahidi Nilikuwa Nao Mkononi

Akina mama wenzangu, siku moja nilimshutumu msichana wangu wa kazi kuwa ameiba noti ya shilingi 10,000. Aliapa kwamba hakuichukua. Sikumsikiliza. Nilimgombeza mbele ya watoto, na mwisho wa mwezi nikamkata mshahara.

Majuma mawili baadaye, nikijiandaa kwenda kanisani, nilifungua mkoba ambao sikuwa nimeutumia kwa muda. Noti ilikuwa humo, imekunjwa vile vile nilivyoikunja mwenyewe.

Je, nilifanya nini? Nilifunga mkoba, nikaenda kuimba. Ushahidi nilikuwa nao mkononi; kilichokosekana ni toba.

Mara nyingi tunadhani kwamba mtu akiona muujiza lazima atageuka. Tusome Yohana 11. Lazaro alikuwa kaburini siku nne, Yesu akamfufua mbele ya watu. Wakuu wa makuhani na Mafarisayo hawakubisha. Walikubali kwamba anafanya ishara nyingi, kisha wakafanya shauri la kumwua, kwa kuhofia nafasi yao. Katika sura ya 12, wakuu wa makuhani walitaka kumwua Lazaro naye, maana alikuwa ushahidi unaotembea!

Si kwamba Mungu anachukia maswali. Tomaso alitaka kuona alama za misumari, na Yesu hakumfukuza, bali alimwonyesha mikono yake. Lakini Tomaso hakuishia kuridhika. Alimkiri Yesu kuwa Bwana wake na Mungu wake (Yohana 20).

Na moyo uliotubu una ushahidi wake pia. Zakayo alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kuahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu (Luka 19). Katika uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, watu waliungama dhambi zao waziwazi na kurudisha vitu walivyoiba.

Jioni ile sikuweza kula. Nilimwita binti yule mbele ya watoto wale wale. "Binti yangu, nilikusingizia. Fedha ilikuwa kwenye mkoba wangu. Naomba unisamehe." Nikamrudishia fedha yake na nyongeza.

Alilia. "Mama, nilipotuma fedha pungufu nyumbani, mama yangu aliniuliza kama kweli nimekuwa mwizi."

Basi toba yangu ilikuwa haijakwisha. Nilimpigia simu mama yake, nikamweleza ukweli.

Mpendwa dada, je, kuna mtu nyumbani mwako unayemdai heshima huku wewe unadaiwa msamaha? Usimwambie, "Kama nimekukosea." Litaje kosa, rudisha ulichochukua, na kama ulimwaibisha mbele ya watu, msafishe mbele ya watu hao hao. Watoto wetu wanasikia sala zetu kila siku. Siku watakapotuona tukitubu, watajua kwamba Yule tunayemwomba yu hai.