Kununua mtoto wa farasi si kazi, kazi ni kumlea

JE, msomaji, umewahi kuwapeleka watoto wako kutazama mashindano ya farasi katika uwanja wa Ngong, jijini Nairobi? Kama umewahi, basi bila shaka unalijua swali linaloulizwa ndani ya matatu mkirudi nyumbani: "Baba, kwa nini na sisi tusinunue wetu?"

Tangu uwanja huo ufunguliwe mwaka wa 1954, swali hilo limewachekesha wazazi wengi. Hata hivyo, kuna familia zilizopata ekari moja au mbili huko Kitengela, Kiserian na Ngong ambazo haziliulizi tena kwa mzaha. Na wanapofikia kununua, wengi humtamani mtoto wa farasi. Bei yake aghalabu huwa nafuu kuliko ya farasi aliyekwisha kufunzwa, na isitoshe, wazazi husema, "Atakua pamoja na watoto wetu."

Jirani yangu mmoja wa Kitengela aliwaza vivyo hivyo. Alinunua dume wa miezi kumi, rangi ya kahawia, mwenye baka jeupe usoni. Mwanawe wa miaka kumi na miwili akawa kila atokapo shule anakimbilia kwa farasi kabla hata ya kuvua sare. Muuzaji alikuwa amesema kwamba mnyama amekwisha kuchanjwa, na hakuna aliyedai cheti. Masika yakaingia banda likiwa bado halijaezekwa, farasi akawa analala nje malishoni.

Asubuhi moja alikutwa akihema kwa taabu, povu jeupe likimtoka puani. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa.

Huo ndio ugonjwa uitwao homa ya farasi ya Afrika. Huenezwa na usubi, wale wadudu wadogo mno wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri, hasa baada ya mvua. Pundamilia hubeba virusi vyake bila kuonekana wagonjwa, na punda ni nadra kuugua. Farasi ndiye hufa. Dawa ya kuuponya hakuna, lakini chanjo ipo, nayo hurudiwa kila mwaka. Kwa hivyo, msomaji, jambo la kwanza si farasi, ni banda. Jambo la pili ni mtu wa kumwingiza bandani kila siku kabla ya jua kutua.

USIENDE KUNUNUA PEKE YAKO

Fuatana na daktari wa mifugo, au saisi aliyefanya kazi na farasi kwa miaka mingi. Dai cheti cha chanjo ya homa hiyo na ya pepopunda. Mtazame farasi akitembea na akikimbia kidogo kwenye ardhi ngumu, uone kama anachechemea. Akaguliwe macho, pumzi na kwato, na meno yake yatazamwe, kwa maana hayo ndiyo yatakayokuambia kama umri uliotajwa ni wa kweli. Kama mama yake yupo, omba kumwona. Na usimchukue aliye chini ya miezi sita, ambaye angali ananyonya.

TUMBO LAKE SI LA NG'OMBE

Wengi wetu tumelelewa na ng'ombe, na hapo ndipo kosa huanzia. Farasi hacheui, tena hawezi kutapika. Akila kibaya hakirudi, na msokoto wa tumbo waweza kumwua kwa saa chache. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo wengine huwatupia mifugo, huharibu ubongo wake. Chakula cha kuku au cha ng'ombe hakimfai, kwani kuna kinachotiwa dawa ambazo kwa farasi ni sumu.

Mlishe nyasi safi. Akishakuwa mkubwa, mwenye kilo 400, atahitaji kama kilo 8 za nyasi kavu kwa siku, na maji kati ya lita 20 na 40. Kwato hukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane. Piga hesabu hiyo kwa miaka 25, maana farasi aliyetunzwa vyema huweza kuifikisha au hata kuipita.

Tena farasi si mnyama wa kuishi peke yake. Akikosa mwenzake, hata punda, atashinda akizunguka ua na kulia.

MASOMO YA DAKIKA KUMI

Mtoto wa farasi hufunzwa kila siku, kidogo kidogo: leo kuvaa kamba ya kichwani, kesho kuongozwa, kesho kutwa kuinua mguu na kusimama kwa utulivu. Usicheke anapouma mkono kwa mchezo. Mchezo wa farasi wa kilo 100 huchekesha, lakini huo huo kwa kilo 400 hupeleka mtu hospitali. Nao watoto wafunzwe kumkaribia upande wa bega, kamwe wasisimame nyuma yake.

Kumpanda? Subirini. Mifupa yake haikomai kabla ya miaka mitatu, na ile ya mgongo hukomaa mwisho kabisa, yapata mwaka wa tano au wa sita. Ndiyo sababu wajuzi huonya kwamba mwanafunzi asimfunze mwanafunzi. Kwa familia ambayo haijawahi kumiliki farasi, ni heri mtu mzima wa miaka kumi na kitu, mpole, aliyekwisha kufunzwa.

Na wewe unayeishi katika nyumba ya kupanga, usikate tamaa. Tafuta mahali wanapofundisha kupanda farasi, umwombee mwanao nafasi ya kusaidia kufagia mabanda kila Jumamosi. Akiendelea kuamka mapema baada ya miezi mitatu ya kuzoa samadi, hapo unaweza kuanza kuweka akiba.

Yule jirani yangu alikaa miaka miwili. Alijenga banda kwanza, kisha akanunua farasi wa miaka kumi na mmoja aliyehasiwa. Juzi nilipita kwake saa kumi na mbili jioni, mawingu yakiwa yametanda. Kijana alikuwa akimwongoza farasi kuingia ndani, naye babake alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Hawakunialika chai hadi komeo lilipofungwa.